Tikiti ya Kuzunguka Dunia Ina Amri Zake

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya kuvaa sare kwamba amri husomwa mpaka mstari wa mwisho. Huisoma amri ya zamu, huisoma amri ya doria, na hata hati ya ruhusa huisoma mara mbili, asije akachelewa kurudi kambini kwa siku moja akajibu mashtaka. Lakini ipo karatasi moja ambayo wengi wetu huipokea, huikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Karatasi hiyo ni tikiti ya ndege.

Leo tumekusudia kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya tikiti ya aina moja, nayo ni ile ya kuzunguka dunia. Mwenye tikiti hiyo huondoka Entebbe akielekea mashariki, na baada ya majuma au miezi hurejea Entebbe akitokea magharibi. Huenda msomaji akauliza: askari na kuzunguka dunia, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba wapo miongoni mwetu waliorudi kutoka zamu za kulinda amani nchini Somalia wakiwa na akiba. Wapo wastaafu waliopokea kiinua mgongo chao. Na ni wengi wenye watoto na ndugu wanaoishi ng'ambo. Zaidi ya hayo, masharti ya tikiti hii ndefu ni ndugu wa masharti ya tikiti fupi ya kwenda Nairobi na kurudi. Aliyeyaelewa ya kwanza hatababaishwa na ya pili.

Kisa cha mwenzetu

Mwenzetu mmoja, ambaye tulikula naye kiapo siku moja katika chuo cha maofisa, alimaliza zamu yake Mogadishu mwaka 2018. Ametupa idhini ya kusimulia yaliyomfika, kwa sharti kwamba tusimtaje jina. Wakati huo alikuwa luteni. Alipewa likizo ya siku 60 pamoja na kibali cha kusafiri nje ya nchi, naye akaazimia kutimiza jambo aliloliwaza kwa miaka mingi: kumzuru dada yake mkubwa aliyeolewa na kuhamia Chicago, huko Marekani, na kuiona dunia njiani.

Alinunua tikiti ya safari saba za ndege. Ya kwanza ilikuwa kutoka Entebbe hadi Addis Ababa, ya pili hadi Bangkok, ya tatu hadi Tokyo, ya nne hadi Chicago, ya tano hadi Washington, ya sita kurudi Addis Ababa, na ya saba kurudi Entebbe. Alilipa maelfu ya dola, fedha alizozitunza senti kwa senti muda wote wa zamu. Siku ya kuondoka, baba yake mzazi alimkabidhi barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mzee huyo hakuiamini simu kwa mambo mazito, wala hakuiamini posta. Alisema, "Mpe dada yako mkononi. Usimpe mtu mwingine."

Mwenzetu alifika Bangkok salama, kisha Tokyo. Usiku wake wa pili Tokyo alipata habari kwamba mzee amefariki dunia na kwamba watu wa nyumbani wanamngoja yeye ili wazike. Hakukawia. Asubuhi alinunua tikiti nyingine mpya ya shirika lingine, iliyomrudisha Entebbe kwa njia ya Doha. Aliwahi mazishi, akatia udongo kaburini kwa mkono wake. Hakuna mwana mwenye akili anayeweza kumlaumu kwa hilo, na sisi hatumlaumu.

Matanga yalipokwisha, bado alikuwa na siku za likizo. Barua ya marehemu ilikuwa mkobani mwake, haijafunguliwa. Dada hakuweza kuja kuzika, kwani hati zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, na kama angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Mwenzetu akatuambia, "Ndege nne bado ni zangu. Nimekwisha kuzilipia. Nitakwenda Chicago." Tukafuatana naye mpaka ofisi ya wakala wa safari mjini Kampala. Karani aliyetupokea alikuwa msichana mwenye adabu. Alitazama mashine yake kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Afande, pole sana kwa msiba," alisema hatimaye. "Lakini tikiti hii haina kitu tena."

"Haina kitu vipi, binti, nami nimelipia safari zote saba?"

"Umelipia, afande. Lakini tikiti hii haikufa siku aliyofariki mzee. Ilikufa saa ile ndege ya Chicago ilipoondoka Tokyo bila wewe, na bila neno lako."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuketi tukayasoma masharti ya nauli mstari kwa mstari, jambo ambalo lilipasa kufanywa kabla ya safari. Tuliyoyapata ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Safari iliyoanzwa na askari

Yafaa ikumbukwe kwamba watu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege walikuwa askari. Tarehe 6 Aprili 1924, ndege nne za Jeshi la Marekani ziliondoka mji wa Seattle zikielekea magharibi, kila moja ikiwa na watu wawili. Ndege ya kamanda, Meja Frederick Martin, iligonga mlima huko Alaska. Yeye na Sajini Alva Harvey walinusurika, wakatembea siku nyingi katika theluji mpaka wakapata watu. Uongozi ukashikwa na Luteni Lowell Smith. Ndege ya pili ilipotea katika bahari ya Atlantiki, ingawa watu wake waliokolewa. Ndege mbili zilizosalia zilirejea Seattle tarehe 28 Septemba 1924, baada ya siku 175.

Jambo la kuangaliwa na askari katika safari hiyo ni utaratibu wake. Maofisa walitangulizwa njiani kuomba idhini za serikali, na injini za akiba ziliwekwa vituoni kabla marubani hawajaondoka. Barafu ilipoifunga bandari ya Angmagssalik katika Greenland, marubani waliingoja taarifa ya meli, kisha wakabadili njia na kutua Frederiksdal. Njia ilibadilika, lakini ilibadilika kwa taarifa. Waliowangojea walijua wapi pa kuwangojea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hiyo iliingia katika biashara. Mwaka 1945 mashirika ya ndege yalikutana Havana, Kuba, yakaunda chama chao cha kimataifa kiitwacho IATA, ili tikiti ya shirika moja iweze kuheshimiwa na shirika jingine. Mwaka 1947 shirika la Pan American la Marekani lilianza kuwachukua abiria kuizunguka dunia. Shirika hilo lilifilisika na kufungwa mwaka 1991. Siku hizi safari ya namna hiyo huuzwa hasa na miungano ya mashirika. Muungano wa Star Alliance uliundwa mwaka 1997, na shirika la Ethiopian Airlines liliingia humo mwaka 2011. Muungano wa oneworld ulianza mwaka 1999, na Qatar Airways iliingia mwaka 2013. Mashirika hayo mawili yote hutua Entebbe, na kwa hiyo mkaazi wa Uganda aweza kuianza safari hiyo nyumbani kwake.

Umbo la tikiti yenyewe

Sharti la kwanza ni mwelekeo. Aliyeanza kwenda mashariki huendelea mashariki, na aliyeanza magharibi huendelea magharibi. Bahari ya Atlantiki huvukwa mara moja na Pasifiki mara moja. Ndani ya bara moja kwa kawaida mtu aweza kurudi nyuma kidogo, lakini hawezi kutoka Asia kwenda Amerika, kisha akarudi Asia, kisha akadai kwamba bado anaizunguka dunia. Aidha, safari humalizikia katika nchi ileile ilikoanzia.

Sharti la pili ni kipimo cha bei. Zipo nauli zinazohesabiwa kwa maili zitakazosafiriwa, na zipo zinazohesabiwa kwa mabara yatakayokanyagwa. Kwa mfano, nauli ya oneworld iitwayo Explorer huhesabu mabara, kuanzia matatu hadi sita. Nchi ya kuanzia nayo huathiri bei, kiasi kwamba safari ileile ikianzia nchi mbili mbalimbali huwa na bei mbili mbalimbali.

Hapa msomaji ajihadhari, kwani ramani ya mashirika ya ndege si ile tuliyofundishwa shuleni. Katika nauli hiyo ya Explorer, nchi za Misri, Sudan, Libya, Tunisia, Algeria na Morocco hazihesabiwi kuwa Afrika, bali zimewekwa pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Askari atokaye Entebbe akadhani kwamba kulala Cairo hakutamwongezea bara, atashangazwa na hesabu.

Sharti la tatu ni idadi ya safari. Nauli nyingi za aina hii haziruhusu zaidi ya safari 16 za ndege. Idadi hiyo imetokana na zama za tikiti za karatasi: kitabu kimoja cha tikiti kilikuwa na kuponi nne, na vitabu vinne viliweza kufungwa pamoja, na nne mara nne ni 16. Vitabu hivyo vimekwisha toweka. Tangu tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya IATA yameacha kutoa tikiti za karatasi, na tikiti ya kweli hukaa ndani ya mashine. Ile karatasi tunayoikunja mfukoni ni stakabadhi tu. Hata hivyo kuponi bado zimo katika mashine, nazo bado huhesabiwa moja moja.

Sharti la nne ni tofauti ya kukaa na kupita. Katika safari za kimataifa, abiria akiwa mahali kwa muda usiozidi saa 24 kabla ya ndege inayofuata, huhesabiwa kuwa anapita. Akizidisha saa 24, amekaa, na kukaa huhesabiwa katika vituo alivyoruhusiwa. Na iwapo atatoka mji mmoja hadi mwingine kwa gari moshi au basi, kisha akaendelea kwa ndege kutoka huko, gharama ya nchi kavu ni yake, na aghalabu pengo hilo pia huingizwa katika hesabu ya safari au ya maili.

Kubadili kuna daraja

Wengi wetu husema "nimebadili tikiti" kana kwamba kubadili ni jambo la namna moja. Kwa hakika yapo mabadiliko ya uzito mbalimbali, kama vile makosa ya kijeshi yalivyo ya uzito mbalimbali.

Jepesi ni kubadili tarehe, miji ikibaki ileile. Katika nauli nyingi za kuzunguka dunia jambo hilo hukubaliwa bila faini, au kwa faini ndogo. Lakini ipo herufi moja ya kuangaliwa. Viti vya ndege, hata vile vya daraja moja, hugawanywa kwa herufi, na kila nauli huruhusiwa herufi yake. Katika nauli ya Explorer, kwa mfano, maandishi LONE4 yana maana kwamba herufi L ni ya daraja la kawaida na tarakimu 4 ni mabara manne, ilhali DONE4 ni ya daraja la wafanyabiashara. Kwa hiyo abiria aweza kuambiwa kwamba ndege ina nafasi, lakini haina nafasi kwa herufi yake. Viti vitupu anaviona, lakini si vyake. Asimgombeze karani, bali aulize siku nyingine yenye nafasi kwa herufi hiyo.

Zito kuliko hilo ni kubadili njia, yaani kuongeza mji, kuuondoa au kuupindisha mwendo. Hapo tikiti yote huandikwa upya. Abiria hulipa ada ya kuandikiwa, tofauti ya kodi za viwanja vya ndege, na nyongeza ya nauli iwapo mabara au maili zimezidi. Aliyepanga kutoka Tokyo kwenda Chicago, kisha akatamani kupitia Sydney, amejiongezea bara zima.

Pia wakati wa kubadili una uzito wake. Kwa desturi, tikiti ambayo haijatumika hata kuponi moja, ikibadilishwa, hupimwa kwa nauli za siku hiyo ya kubadilishwa, hata kama zimepanda. Safari ya kwanza ikisha kusafiriwa, aghalabu hupimwa kwa nauli za zamani zilizokuwapo tikiti ilipotolewa. Muda wake pia huhesabiwa tangu siku ya safari ya kwanza, na kwa nauli nyingi za aina hii hauzidi mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo mtu aweza kusogeza tarehe. Mwaka ukipita, hakuna wa kumhurumia.

Kosa kubwa kuliko yote si kubadili. Ni kutotokea. Kuponi hutumika kwa mfuatano, ya kwanza kabla ya ya pili, na ya nne kabla ya ya tano. Abiria asiyetokea uwanjani wala kutoa taarifa huhesabiwa kama sisi tunavyomhesabu mtoro: jina lake hufutwa katika safari hiyo, na mara nyingi katika safari zote zinazofuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Mashirika hayakujua kwamba amefiwa. Yaliona kiti kitupu.

Saa, tarehe na mstari wa bahari

Kabla ya kubadili tarehe yafaa kuielewa tarehe. Tikiti huandika saa za mahali ndege ilipo, kwa hesabu ya saa 24 tunayoitumia jeshini. Safari iliyoandikwa tarehe 15 saa 0030 huondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Atakayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 ataambiwa kwamba ndege yake imeondoka usiku uliotangulia. Kosa hili limewapata hata watu wenye elimu kubwa.

Jambo jingine ni mstari wa tarehe uliomo katika bahari ya Pasifiki. Mtu akiondoka Tokyo siku ya Jumatatu saa kumi na moja jioni, akasafiri kwa saa 12 hivi, atafika Chicago Jumatatu ileile yapata saa nane au tisa mchana. Kwa saa ya ukutani amefika kabla hajaondoka. Akienda kinyume, kutoka Amerika hadi Asia, siku moja humpotea. Mabaharia wa msafara wa Magellan walioizunguka dunia kutoka mwaka 1519 hadi 1522 waligundua jambo hilo walipofika visiwa vya Cape Verde: wao walihesabu Jumatano, wenyeji wakasema ni Alhamisi. Walikuwa wameandika kila siku bila kukosa, na bado walikosa siku moja. Asogezaye tarehe za ndege za Pasifiki hana budi kuzisogeza na nafasi za hoteli, pamoja na ahadi za wenyeji wake.

Ruhusa haibadiliki na tikiti

Yapo mambo mawili ambayo karani wa ndege hatatukumbusha, kwa kuwa si kazi yake. Kwanza ni viza. Njia ikibadilika, nchi za kupita nazo hubadilika. Marekani, kwa mfano, humtaka mwenye pasipoti ya Uganda awe na viza hata kama anapita tu uwanjani kuelekea kwingine. Nchi nyingi pia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa mtu atokaye Uganda.

Pili ni ruhusa yetu wenyewe. Shirika la ndege laweza kukubali tarehe mpya kwa furaha, lakini halina mamlaka juu ya kamanda. Tikiti ikisogezwa mbele kwa siku tano, likizo haisogei hata kwa saa moja mpaka kamanda aandike. Askari anayebadili safari akiwa ng'ambo na atoe taarifa kikosini kwake siku ileile, na asubiri jawabu lililoandikwa.

Lililopasa kufanywa

Sasa turudi Tokyo, usiku ule wa habari mbaya. Tulimwuliza yule karani wa Kampala: mwenzetu angefanya nini? Alitueleza kwa subira, nasi tunayaandika alivyoyasema.

Kwanza, angepiga simu kabla ndege ya Chicago haijaondoka. Simu hiyo haipigwi kwa shirika lolote tu. Tikiti ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo hulitambulisha shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian Airlines, na 157 ni Qatar Airways. Shirika hilo, au wakala aliyeuza, ndiye mwenye tikiti, hata kama ndege ya siku hiyo ni ya shirika mwenzake.

Pili, angesema maneno machache: nimefiwa na baba, sitasafiri kesho, naomba jina langu liondolewe katika safari hiyo na kuponi zangu zibaki hai. Kisha angeandika jina la aliyepokea simu, na saa.

Tatu, angeuliza juu ya kifungu cha msiba. Masharti ya nauli nyingi yana kifungu cha kifo au maradhi ya jamaa wa karibu, ambacho huweza kupunguza au kuondoa faini, ikiletwa hati ya kifo.

Nne, angechagua. Angeweza kuomba tikiti iandikwe upya imrudishe nyumbani kutoka Tokyo, kwa ada. Au angeziacha kuponi nne wazi, ajinunulie njia ya kuja kuzika, kisha ndani ya mwaka arudi Tokyo kwa gharama yake na kuendelea mpaka Chicago. Au angeomba marejesho ya fedha, ingawa katika tikiti iliyotumika nusu mara nyingi marejesho huwa madogo. Hakuna hata moja kati ya njia hizo ambalo lingekuwa la bure. Lakini kila moja lingemwachia kitu mkononi. Alichopata hatimaye ni sehemu ya kodi za viwanja ambavyo hakuvifikia.

Mwenzetu alimsikiliza karani mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Simu hiyo ingechukua muda gani?" Msichana akajibu kwamba labda dakika kumi. Mwenzetu akanyamaza. Baadaye, tulipokuwa njiani, alituambia kwamba usiku ule Tokyo alikaa saa nzima kitandani na simu mkononi, akiwajibu waliomtumia pole, wala haikumjia kwamba kuna mtu mwingine wa kumpigia.

Hakupata fedha za kununua safari nyingine mwaka ule. Mwaka 2020 ukaingia ugonjwa wa Korona na viwanja vikafungwa. Barua ilikaa katika sanduku lake la chuma, katika nyumba za kambi mbalimbali alizohamishiwa, kwa miaka minne. Mwaka 2022 dada yake, hati zake zikiwa zimekamilika, alikuja nyumbani. Mwenzetu, ambaye sasa ni kapteni, alimpokea Entebbe, akamchukua moja kwa moja mpaka kaburini kwa baba yao, na hapo akamkabidhi barua mkononi kama alivyoagizwa. Dada aliisoma akiwa amesimama. Yaliyoandikwa humo ni yao, wala hatukuyauliza.

Ndugu askari, siku utakapopewa tikiti, iwe ya kuizunguka dunia au ya kwenda Nairobi tu, usiikunje kwanza. Keti na aliyekuuzia umwulize mambo manne: nikitaka kubadili tarehe ni nini, nikitaka kubadili njia ni nini, nikishindwa kutokea ni nini, na nikifiwa nimpigie nani. Yaandike majibu nyuma ya ile stakabadhi pamoja na namba ya simu. Kuuliza si ujinga, na dakika kumi za kuuliza ni nafuu kuliko miaka minne ya kuihifadhi barua ya marehemu.